Mota Haina Kosa: Ndege Ndogo za Umeme Kwenye Hewa Nyepesi ya Nyanda za Juu Kusini

Wanaorusha ndege ndogo za rimoti Mbeya, Njombe au Makete wana lalamiko moja: ndege haina nguvu. Kwenye video ilikuwa inapaa kwa nusu ya resi, hapa inatupwa kwa resi yote na bado inatafuta majani. Dawa inayokimbiliwa ni mota kubwa zaidi. Mota kubwa inataka betri kubwa, inataka pia ESC kubwa (kidhibiti cha umeme kinachoamua kasi ya mota), na ndege iliyokuwa na gramu 540 inafika 680. Hapo inaruka vibaya kuliko ilivyoanza, ila sasa ikianguka inavunjika vizuri.

Mota haikuwa na kosa. Injini ya petroli ikipanda mlima hupungukiwa kweli, kwa sababu inahitaji hewa ili ichome mafuta, na hewa ya juu ina oksijeni kidogo kwa kila lita. Mota ya umeme haivuti chochote. Ipe volti 11 ikiwa Kyela bondeni au ikiwa Kitulo juu milimani, itataka kuzunguka vile vile. Vilivyopunjwa ni vitu viwili vinavyoshika hewa: bawa na propela. Ndiyo maana marekebisho yanaanzia kwenye uzito, yanakuja kwenye kitovu cha uzito (mahali ndege inaposawazika), halafu propela. Mota hukaa mwisho wa foleni, na mara nyingi zamu yake haifiki.

Hewa imepungua kiasi gani

Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kwa kimo hicho shinikizo la hewa ni karibu hektopaskali 825, wakati pwani ni kama 1,013. Mchana wa nyuzi 24, mita moja ya ujazo ya hewa ya Mbeya ina uzito wa kilo 0.97 hivi. Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 ni kilo 1.16. Tofauti ni asilimia 17. Iringa mjini haiko mbali na Mbeya kwa kimo, Njombe imepanda zaidi, na ukifika Kitulo kwenye mita 2,700, hata kukiwa na baridi ya nyuzi 15, unabaki na kilo 0.88. Karibu robo ya hewa ya Dar haipo.

Joto nalo lina sehemu yake. Uwanja ule ule wa Mbeya saa moja asubuhi, kwenye nyuzi 12, una kilo 1.01 kwa mita ya ujazo. Umepata asilimia nne bila kugusa bisibisi.

Sasa chukua ndege ya kawaida ya foamu: bawa lenye urefu wa sentimita 100 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 18, uzito kamili na betri gramu 540. Eneo la bawa ni desimita za mraba 18, kwa hiyo kila desimita ya mraba inabeba gramu 30. Bawa likipungua kasi kupita kiasi huacha kubeba kwa ghafla, ndiko kustoli. Kwa ndege hii, kasi ya kustoli Dar ni mita 7.1 kwa sekunde. Mbeya mchana ni 7.8. Kitulo ni 8.2.

Asilimia kumi inaonekana ndogo mpaka uifuate inakokwenda. Nafasi ya kukata kona na nguvu ya kugonga ardhi hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo asilimia kumi ya kasi inakuwa asilimia ishirini ya nafasi na asilimia ishirini ya kishindo. Uwanja wa mpira uliokuwa unatosha kwa duara moja la starehe unageuka mfupi. Mkono unaotupa ndege lazima uifikishe kwenye mita 7.8 kwa sekunde badala ya 7.1, na hapo ndipo ndege nyingi huangukia: inaachiwa chini ya kasi ya kustoli, pua imeelekezwa juu kwa matumaini, propela inavuta lakini bawa halijaanza kazi. Tupa kwa usawa, uso kwa uso na upepo, resi robo tatu, na usiguse eleveta (usukani wa mkiani unaoinua na kushusha pua) mpaka ndege ijipatie kasi yenyewe.

Gramu kabla ya wati

Ukitaka ndege hii iruke Mbeya kwa kasi ile ile ya kustoli ya Dar, inabidi ishuke kutoka gramu 540 hadi karibu 450. Gramu 90. Kuzipata zote kwenye ndege iliyokwisha kujengwa ni shida, ila nusu yake hupatikana karibu kila mara, na hakuna mota inayoweza kukupa faida hiyo.

Anza na betri, maana ndiyo nzito kuliko vyote. Lipo (betri ya lithiamu-polima) ya seli 3 yenye mAh 2,200 ina uzito wa gramu 180 hivi. Ya mAh 1,300 ni kama gramu 110. Watu huogopa kupoteza muda hewani, basi tupige hesabu. Betri ya 1,300 ukitumia asilimia 80 tu, kama inavyopaswa, ni mAh 1,040. Ndege hii ikila ampea 7 kwa wastani, hiyo ni karibu dakika tisa. Weka saa ya rimoti kwenye dakika saba. Betri mbili ndogo zitakupa mazoezi mengi kuliko moja kubwa inayobebeshwa ndege isiyoiweza.

Halafu angalia mkia. Tuseme mkia uko sentimita 45 nyuma ya kitovu cha uzito na betri iko sentimita 15 mbele yake. Kila gramu iliyoko mkiani inadai gramu tatu puani ili ndege isawazike. Kwa hiyo gundi ya moto iliyomwagwa mkiani kwa gramu 8 inakugharimu 32. Kata matone ya gundi kwa wembe. Toa rangi ya kupulizia; tabaka mbili kwenye foamu ni gramu nyingi zisizofanya kazi yoyote. Sevo (vimota vidogo vinavyosukuma usukani) zikiweza kukaa karibu na bawa na kusukuma mkia kwa waya mwembamba wa chuma, zihamishe. Magurudumu na waya wake, kama unatua kwenye nyasi, hayana faida: yanakula uzito na pia yanakokota hewa. Yang'oe.

Uti wa bawa ndio mahali pasipofaa ubahili. Bawa linalopinda hewani hubadilisha pembe yake lenyewe, na ndege inayumba bila rubani kujua sababu. Bomba la kaboni la milimita 6 lenye tundu la milimita 5 lina gramu 13 kwa mita na linatosha kabisa. Lisipopatikana, huku kwetu kuna vitu viwili vizuri. Cha kwanza ni ufito wa mwanzi mkavu uliopasuliwa, milimita 3 kwa 6, ambao kwa mita moja una kama gramu 12 au 13. Cha pili ni ufito wa msonobari wa vipimo hivyo hivyo, gramu 8 au 9; mbao za msonobari kutoka mashamba ya Sao Hill zimejaa kwenye maduka. Mwanzi unavumilia kupinda na kurudi, msonobari ni mwepesi ila hupasuka kwenye fundo, hivyo chagua ufito wenye nyuzi zilizonyooka mwanzo hadi mwisho. Ulaze ndani ya mfereji uliokatwa kwenye foamu, upana wa milimita 6 ukiwa umesimama wima. Ukiulaza ubapa, umepoteza sehemu kubwa ya ugumu wake: kwa upande mmoja ni mgumu mara nne ya upande mwingine.

Kwa anayejenga upya, njia nyingine ni kuongeza bawa. Upana wa sentimita 18 ukifanywa 21 na nusu, urefu ule ule, kasi ya kustoli inarudi karibu na ya pwani. Bawa pana lina faida ya ziada kwenye hewa nyepesi, kwa sababu mabawa membamba ya ndege ndogo hufanya kazi vibaya kadiri hewa inavyopungua. Lakini usiongeze urefu kwa pupa. Bawa refu linahitaji uti mnene, na gramu zinarudi mlango wa nyuma.

Kitovu cha uzito

Hapa pana maelezo mafupi, kwa sababu jambo lenyewe ni la kupima tu. Kwa bawa la kawaida lililonyooka, kitovu kiwe kati ya asilimia 25 na 33 ya upana, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa letu la sentimita 18 ni kati ya sentimita 4.5 na 5.9. Anza kwenye 4.8. Ndege isiyo na mkia ni habari nyingine; kitovu chake kiko mbele zaidi, na cha kufuata ni mchoro wake.

Pima betri ikiwa ndani. Chora alama mbili chini ya bawa, egemeza hapo kwa vidole au kwa vijiti viwili, na ndege itulie pua ikiwa imeinama kidogo sana. Kurekebisha ni kusogeza betri, siyo kubandika uzito wa risasi. Betri ya gramu 110 ikisogea sentimita moja kwenye ndege ya gramu 540, kitovu kinahama milimita 2. Ukilijua hilo hutasogeza betri kwa kubahatisha.

Pua nzito kupita kiasi ni kosa linalojificha vizuri. Ndege inaonekana salama, inaruka, ila unashikilia eleveta juu muda wote, mkia unasukuma chini, na bawa linabeba uzito wa ndege pamoja na mzigo huo wa mkia. Kasi ya kustoli inapanda tena juu ya ile iliyokwisha kupandishwa na mwinuko. Mkia mzito haujifichi: ndege inainua pua yenyewe, inastoli, inazunguka, imekwisha.

Jaribio lake hufanyika juu, mita 50 au zaidi. Irekebishe ndege iende yenyewe kwa usawa kwa nusu ya resi, kisha iinamishe pua kama nyuzi 30 na uachie kijiti. Ikijiinua taratibu, uko sawa. Ikijiinua kwa nguvu, pua ni nzito. Rudisha betri nyuma milimita 5. Ikizidi kuzama, mkia ni mzito. Ivute polepole, tua, sogeza betri mbele.

Propela

Hapa ndipo pesa kidogo inafanya kazi kubwa, na ndipo watu wengi hukosea upande.

Propela huandikwa namba mbili, tuseme 10x4.5, zote kwa inchi. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni hatua: umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao. Kipenyo ndicho kinachotawala mvuto wa ndege ikiwa imesimama. Hatua ndiyo inayoamua propela itaendelea kuvuta mpaka kasi gani.

Mota ya saizi ya 2212 yenye KV 1,000 (mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti, bila mzigo) kwenye seli 3, ikiwa na propela ya 10x4.5, huzunguka takriban mara 8,000 kwa dakika. Zidisha kwa inchi 4.5: propela inasonga mita 914 kwa dakika, yaani 15.2 kwa sekunde. Kasi hiyo ya hatua inatakiwa iwe angalau mara mbili ya kasi ya kustoli, na mara mbili na nusu ndiyo raha. Dar, 15.2 gawanya kwa 7.1 ni 2.1, inakubalika. Mbeya, gawanya kwa 7.8, umeshuka chini ya 2. Ndiyo maana unakutana na ndege ya ajabu ambayo ukiishika mkononi inavuta kama inataka kukuponyoka, lakini hewani inajikokota na kona moja tu inaizima. Mvuto wa kusimama upo. Mvuto wa kwenye mwendo umeisha, kwa sababu ndege sasa inahitaji kwenda kasi ambayo propela hiyo imekaribia kikomo chake.

Kukimbilia kipenyo kikubwa hakutibu hilo. Tena kipenyo ni hatari kwa mota: mzigo wa propela huongezeka kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Kutoka 8 kwenda 9, hatua ikiwa ile ile, mzigo unakaribia mara 1.8 kwa mizunguko ile ile. Hewa nyepesi imekupunguzia mzigo kwa asilimia 17 tu. Hiyo nyingine yote inabebwa na mota, nayo inapata moto. Ongeza hatua. Mzigo huongezeka karibu sawia na hatua, kwa hesabu ya harakaharaka, na hivyo 10x6 mahali pa 10x4.5 ni theluthi moja zaidi. Toa ile asilimia 17 ya hewa, unabaki na mzigo uliozidi wa Dar kwa asilimia kumi hivi. Mota iliyokuwa imepumzika sasa inafanya kazi yake, na kasi ya hatua inakaribia mita 20 kwa sekunde. Kama ESC yako ni ndogo, 9x6 ni chaguo la tahadhari: inavuta kidogo ikiwa imesimama, inakula ampea chache, ila hewani inakimbia.

Usiamini hesabu peke yake, hata hii. Pima. Watimita (kipimo cha ampea, volti na wati) ya bei nafuu hukaa kati ya betri na ESC. Betri ijae, volti 12.6. Mtu aishike ndege kwa nguvu, mikono na uso nyuma ya propela, resi yote kwa sekunde tano hadi kumi, soma ampea na wati, zima. Kwa ESC ya ampea 30 usipite 24. Kwa ndege ya gramu 540, wati 120 hadi 140 zinatosha kupaa kwa ujasiri. Ukiwa na hizo na bado haipai, rudi kwenye uzito na kitovu, usiende dukani.

Kabla hata ya kupima kuna makosa mawili ya kuondoa. Moja ni propela iliyofungwa kinyume. Maandishi yake lazima yatazame upande ndege inakokwenda, iwe propela iko mbele au nyuma. Ikigeuzwa bado inavuta, na ndiyo maana watu hawagundui. Inavuta vibaya tu. La pili ni ESC ambayo haijafundishwa resi ya rimoti, hivyo kijiti kikiwa juu kabisa mota inapata sehemu tu ya nguvu. Kwa ESC nyingi utaratibu ni huu: toa propela, washa rimoti, pandisha kijiti cha resi hadi juu, chomeka betri, subiri milio miwili, shusha kijiti hadi chini, subiri milio ya kukubali. Dakika moja. Kuna mota zimeuzwa kwa hasara kwa sababu ya dakika hiyo.

Propela mpya isawazishwe pia. Ipitishe kwenye msumari mwembamba, tazama bawa linaloshuka, lisugue kwa msasa upande wa nyuma au bandika kipande kidogo cha tepu kwenye lile jepesi. Mtikisiko hula nguvu, hulegeza skrubu na huua sevo.

Joto la mota na baridi ya betri

Hewa nyepesi hupoza vibaya. Mota inayokula ampea zile zile za Dar itakuwa ya moto zaidi Njombe, jambo ambalo wengi hawalitegemei kwa sababu huku ni baridi. Ruka dakika mbili, tua, gusa mota na ESC. Ukishindwa kuacha kidole kwa sekunde tano, punguza hatua ya propela au toboa njia ya hewa. ESC isifungiwe ndani ya foamu bila tundu. Tundu la kutokea liwe kubwa kuliko la kuingilia, kama mara mbili, la sivyo hewa inagoma kupita.

Betri ina tatizo la upande wa pili. Asubuhi za Juni na Julai huko Makete na Njombe, lipo iliyolala kwenye begi ikiwa na nyuzi 5 au 8 inakuwa nzito kutoa umeme: ukipandisha resi volti zinaporomoka, ESC inadhani betri imekwisha, inakata mota mita tatu kutoka ardhini. Weka betri mfuko wa ndani wa koti mpaka dakika ya kuchomeka. Iwe na uvuguvugu wa nyuzi 20 na zaidi. Ikitua, kila seli isomeke volti 3.7 hivi baada ya kupumzika. Chini ya hapo unaila betri yenyewe. Kuchaji ni ampea 1.3 kwa betri ya mAh 1,300, na ikikaa zaidi ya siku mbili tatu iache kwenye volti 3.8 kwa seli.

Plagi iliyolegea au lehemu isiyoshika huiba pia. Ampea 15 zikipita kwenye kiungo kibovu cha ohmu 0.02, volti 0.3 na wati 4.5 zimekwisha kabla ya kufika kwa mota. Kiungo hicho utakijua kwa kugusa: kina joto kuliko waya wake.

Kona ya mwisho

Ndege nyingi hazivunjikii kwenye kupaa. Zinavunjika zikigeuka ili zitue, resi imeshushwa, rubani anaona uwanja unapita na anabana kona. Hesabu yake ni kali. Ndege ikilala ubavu nyuzi 45, bawa linabeba zaidi na kasi ya kustoli inapanda kwa asilimia 19. Kwa ndege yetu Mbeya, 7.8 inakuwa 9.3. Ikilala nyuzi 60 inakuwa 11. Rubani aliyezoea kuingia kona hiyo kwa mita 9 kwa sekunde pwani alikuwa na akiba ndogo. Huku ameshastoli, na bawa la ndani ndilo linaloanguka kwanza. Ukivuta eleveta kuiokoa unaikamilisha. Achia kijiti, ongeza resi, nyoosha bawa.

Kuzuia ni bora: anza kona mbali zaidi, kama mita 15 hadi 20 nje ya ulipozoea, ilale kidogo, acha resi theluthi moja mpaka inyooke. Eleroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyolaza ndege ubavu) zipangwe ili inayopanda ipande mara mbili ya inayoshuka, tuseme milimita 10 juu na 5 chini, kwa sababu inayoshuka ndiyo inayovuta bawa nyuma na kulistolisha. Nafasi kati ya bawa na eleroni izibwe kwa tepu upande wa chini. Hewa inayovuja pale inadhoofisha usukani hasa kwenye mwendo mdogo.

Pembe ya mota nayo inaonekana hapa. Ukipandisha resi ghafla na pua inaruka juu, mota inahitaji kuinamishwa. Kama skrubu za kiti cha mota ziko milimita 25 kutoka moja hadi nyingine, washa (kibati cha duara chenye tundu) ya milimita 1 chini ya skrubu za juu inainamisha kwa nyuzi 2.3. Hiyo mara nyingi inatosha. Ikivutwa kushoto, washa hiyo hiyo upande wa kushoto.

Kuhusu upepo, kanuni ya kwanza ni saa. Kipindi cha kiangazi upepo wa kusini-mashariki huchangamka kadiri jua linavyopanda, na uwanda wa Makambako hauna cha kuuzuia. Ruka kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Usisimame upande wa kilima ambao upepo unashukia. Hewa pale inazama na kujikunja, na hakuna propela ya ndege ya nusu kilo inayoshindana nayo. Ruhusa pia ni sehemu ya maandalizi: vyombo hivi viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ulizia kibali mapema, na kaa mbali na njia za ndege za viwanja vya Songwe na Nduli.

Ukishuka nayo Kyela

Ndege iliyopangwa kwa Mbeya ikipelekwa Kyela au Matema, kwenye mita 500 hivi, inakutana na hewa iliyozidi kwa asilimia 13. Bawa litafurahi: itatua polepole kuliko ulivyozoea na itapita juu ya uwanja ikielea, kwa hiyo ondoa resi mapema. Propela ndiyo ya kuangalia. Ile 10x6 iliyosoma ampea 20 kule Uyole, Mbeya, itasoma 22 hivi huku, na joto la Kyela halina huruma kwa ESC. Ukifika Dar inaongezeka tena. Beba propela ya 10x4.5 kwenye begi, ifunge kabla ya mruko wa kwanza, pima kwa watimita, na 10x6 irudi tu kama ampea zimebaki chini ya 24.